Kina cha Ziwa Tanganyika si dalili ya mafuta

"Ziwa letu lina kina kirefu, kwa hiyo mafuta yako karibu." Hoja hii utaisikia Ujiji, utaisikia Kibirizi kwenye vichanja vya dagaa. Ni kweli kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, na duniani ni Baikal ya Urusi pekee inayolizidi. Lakini hizo ni mita za maji. Mafuta hukaa kwenye miamba, na ukishafika sakafu ya ziwa bado unatakiwa kutoboa mashapo, yaani matabaka ya mchanga na tope lililotuama, yenye unene wa kilomita kadhaa.

Kwa hiyo kina kinaongeza gharama tu. Gesi ya Kitalu Namba 2, eneo la utafutaji lililo baharini mkabala na Lindi, ilipatikana mwaka 2012 kwenye maji ya takriban mita 2,500, kwa meli ya kuchimbia iliyokuja ikielea yenyewe. Meli kama hiyo Kigoma itafikaje, na ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari? Meli ya Liemba yenyewe ilikuja kwa makasha kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapahapa mjini na kuingizwa majini mwaka 1915. Mtambo wa kuchimbia nao ungelazimika kuja hivyohivyo, vipande vipande.

Wengine wanadhani huko chini kuna ziwa jingine, la mafuta. Hakuna. Chukua ndoo, ijaze mchanga wa Mto Malagarasi mpaka juu, kisha mimina maji: utashangaa yanavyozidi kuingia. Mafuta nayo hukaa hivyo, katika vitundu vidogo kati ya chembe za mchanga uliogeuka mwamba. Ndiyo maana wanajiolojia huuliza kwanza mito ya kale ilimwaga mchanga wake wapi. Gesi yetu ya bahari kuu imo kwenye mchanga uliobebwa na mito kutoka bara, ukaporomoka kwenye miteremko ya chini ya bahari mpaka vilindini.

Na hayo mafuta hayakutokana na mijusi mikubwa ya kale wala mifupa ya samaki. Yametokana na mwani na vijidudu vya majini vilivyokufa vikazama mahali pasipo na oksijeni, vikafukiwa mpaka joto la kina likavipika kwa mamilioni ya miaka. Hapa Tanganyika ina sifa nzuri kweli: ukishuka chini ya mita 100 hadi 200 hivi, oksijeni inakwisha, na kinachozama hakiozi upesi. Mtu akiniuliza kwa nini wataalamu hawajalikatia tamaa ziwa hili, nitamjibu ni kwa sababu ya tope hilo, wala si kwa sababu ya kina.

Kisha kuna utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji. Mara nyingi ni petroli au oili ya injini za boti. Kwenye vidimbwi na mashimo ya matope unaweza kuwa kazi ya bakteria wa chuma. Uchokoze kwa kijiti: ukivunjika vipande vyenye kingo kali na vipande visirudiane, ni wa bakteria, ukijizungusha na kuungana tena, ni mafuta, ingawa bado hujajua kama ni ya ardhini au ya tangi la mtu.

Mafuta ya asili yanayojipenyeza toka chini yapo, upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba. Watu husherehekea habari hiyo nusu nusu. Inaonyesha kwamba mapishi yamefanyika, sawa. Lakini mafuta yanayotoka nje ni mafuta ambayo mtego, yaani umbo la miamba lenye mwamba wa kuyafunika kwa juu, haukuyazuia, na bonde la ufa linalotetemeka hadi leo linaweza kupasua mwamba huo wa kufunika.

"Walishapima, wakayapata, wanatuficha." Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipima ziwa kwa mitetemo ya sauti. Kipimo hicho huchora maumbo ya matabaka, hakinusi mafuta. Jibu hutolewa na kisima. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba viwili kwenye bonde la Rusizi, Burundi, na havikuzaa mafuta ya kuuza.

Tabora wana dhana yao: bomba la mafuta ghafi linapita Nzega, basi na chini yake yamo. Bomba hilo, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, ni la kusafirisha mafuta ya Uganda. Tabora imekaa juu ya miamba ya matale ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, mwamba usio na mashapo mazito ya kupika chochote. Kilicho chake ni kiwanda cha Sojo, kilichojengwa kwa ajili ya kuyavika mabomba tabaka la kutunza joto.

Joto la nini? Mafuta hayo ya Uganda, ya Ziwa Albert, yametokana na mwani wa maji yasiyo na chumvi na yamejaa nta; yakipoa hugandamana, hivyo bomba lazima lipashwe hadi nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi. Ya Tanganyika, kama yapo, huenda yakawa na tabia hiyohiyo, kwa hiyo kuyatoa Kigoma hadi baharini kungehitaji bomba la kupashwa njia nzima.