Transfoma ya kifaa chembamba cha reki: ya mtaani na ya kweli

Jumamosi jioni simu yangu hailali. Kuna kanisa lina ibada kesho asubuhi, krosova, kile kifaa chembamba cha reki kinachogawa sauti kwa spika, imezima, na mpiga kinanda anaingia kibandani nayo imefungwa kwa leso. Mkono wa pili ameshika transfoma mpya aliyoinunua Luthuli Avenue, Nairobi, akiwa njiani. "Fundi, hii ya zamani imeungua. Nifungie tu hii nyingine, nangoja."

Transfoma yenyewe inaizidi krosova kwa kimo.

Nimeyasikia maneno kama hayo mara nyingi, ya wateja na ya mafundi wenzangu pia, na mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe hadi yakanitia hasara. Haya hapa, kila moja na ukweli wake.

"Haiwaki, basi transfoma imekufa."

Mara nyingi iko hai. Transfoma ni waya na chuma tu, haikauki kama kapasita. Wanaotangulia kufa ni fyuzi, daiodi, au kapasita kubwa iliyopiga shoti. Chomoa nyaya za sekondari (koili inayotoa umeme) kwenye bodi, funika ncha zake zisigusane, kisha washa umeme ukipitia balbu ya kizamani ya wati 60 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa laivu. Balbu ya LED haikusaidii hapa. Balbu ikimweka kisha ikafifia, transfoma ni nzima, mgonjwa yuko kwenye bodi. Ikiwaka kwa nguvu bila kushuka, shoti imo ndani ya transfoma.

Je, multimita isipopata njia kabisa kwenye praimari (koili inayopokea umeme wa ukutani)? Usiitupe bado. Nyingi huficha fyuzi ya joto chini ya utepe wa nje, imeandikwa nyuzi zake, kwa mfano 115 au 130. Ikikatika, praimari inaonekana imekufa ilhali waya wake hauna kasoro. Tafuta ya nyuzi zilezile, na usiiruke kwa kipande cha waya, maana ndiyo inayozuia moto usiku mkiwa mmelala. Ukiilehemu, ishike mguu kwa koleo ili joto lisifike mwilini, la sivyo utaikata wewe mwenyewe kabla haijaanza kazi. Kisha tafuta kilichoichoma, kwa sababu haikatiki bure.

"Volti zikilingana, itaingia."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Uniti moja ya reki, ile fremu ya kufungia vifaa vya sauti, ina kimo cha milimita 44.45. Ondoa unene wa bati juu na chini, ondoa nafasi ya hewa, na ndani unabaki na kama milimita 40, au pungufu. Ile transfoma ya kawaida ya mabati ya EI (yaliyokatwa kama herufi E na I) ya VA 50 (VA ni volti mara ampea, yaani uwezo wake) haiwezi kulala humo, hata uibembeleze. Inayoingia ni ya duara, yenye umbo la andazi lenye tundu. Ya VA 30 mara nyingi huwa na kipenyo cha karibu milimita 70 na kimo cha thelathini na kitu. Kuna pia zile bapa za kulehemu kwenye bodi, ingawa nguvu yake ni ndogo.

Ukikosa moja inayotosha, weka mbili ndogo ubavu kwa ubavu. Praimari zote mbili zinaunganishwa sambamba, sekondari zinafuatana, na mahali zinapokutana ndipo panakuwa sifuri ya katikati. Kabla ya kufikisha waya kwenye bodi, pima ncha mbili za nje. Kama kila moja ni ya volti 18, utasoma 36 na zaidi kidogo. Ukisoma karibu na sifuri, moja imegeuka, badilisha nyaya zake za upande mmoja tu.

Sasa nikiri kosa langu. Niliwahi kufunga transfoma ya duara kwenye ikwalaiza ya studio moja. Nikaijaribu ikiwa wazi, ikaimba vizuri. Nikaweka kifuniko, nikakaza skrubu, nikawasha: fyuzi ikakatika. Nikafungua, nikabadilisha fyuzi, ikawaka. Nikafunga, ikakatika tena. Fyuzi nne ziliisha hivyo, na nilishaanza kushuku mkono wa mtu. Kumbe bolti ya katikati ilikuwa ndefu kwa milimita mbili, na kifuniko kilipokaa, kiligusa kichwa chake. Bolti, kifuniko na bati la chini vikawa mzunguko mmoja kamili wa waya mnene unaopita kwenye tundu la transfoma, yaani sekondari ya mzunguko mmoja iliyopigwa shoti. Volti zake ni kidogo sana, lakini ampea ni za kutisha. Siku hizi nakata bolti, nabandika plastiki ngumu chini ya kifuniko, na napima kwa multimita kwamba kichwa cha bolti hakigusi bati la juu kabla ya kuwasha chochote.

Na fyuzi iwe ya kukawia, ile yenye herufi T. Transfoma ya duara humeza mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde ya mwanzo, ile ya haraka itakatika bila kosa.

"Imeandikwa 18, multimita inasoma 21. Umeniuzia feki!"

Sivyo. Volti zilizoandikwa ni za wakati inabeba mzigo wake kamili. Bila mzigo, transfoma ndogo huzidi kwa asilimia 10, 20, hata zaidi. Na ikiwa imeandikwa kwa praimari ya 220 huku umeme wetu ni wa 240, ongeza asilimia 9 nyingine.

Maandishi yakiwa yamefutika, soma bodi. Ukikuta regyuleta (vipande vya kushikilia volti zisiyumbe) 7815 na 7915, kifaa kinataka volti 15 chanya na 15 hasi. Regyuleta hizo huhitaji kama volti mbili na nusu juu ya zinazotoa, kwa hivyo ziingie angalau 17.5, na zisizidi 35. Volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi, unaotoka kwenye transfoma) zizidishe kwa 1.414, kisha utoe 0.7 ya daiodi. Transfoma ya 15-0-15 (volti 15 kila upande wa sifuri ya katikati) inakupa kama 20.5 DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Inaonekana inatosha. Sasa subiri saa moja jioni, ploti nzima imewasha bafu za moto, umeme unashuka hadi 200. Ile 20.5 inakuwa 17 au hapo karibu, regyuleta inaishiwa pumzi, na mvumo unaingia kwenye spika. Ndiyo maana kwa mtaa wenye umeme wa kuyumba mimi huchagua 18-0-18, mradi kapasita za mbele ziwe za volti 35. Zikiwa za 25, zibadilishe kwanza.

Ampea nazo zina mtego. Kama bodi inakula nusu ampea ya DC, sekondari itahitaji kama 0.8 au 0.9 ya AC, kwa sababu kapasita huchota mkondo kwa vipigo vifupi. Anayenunua kwa hesabu ya moja kwa moja hurudi na kifaa kinachonuka vanishi. Kuongeza VA hakuchomi bodi, kwani bodi huchukua inachotaka tu. Kinachokataa ni kimo.

"Kimetoka Marekani, weka kishusha cha 110."

Kwanza soma nyuma ya kifaa, au chungulia praimari. Vingi vina koili mbili za 115: zikifuatana ni 230, na hujanunua chochote. Ukizifuatisha kinyume, zinapingana na utaiunguza, kwa hiyo anza na balbu ileile ya wati 60. Kama ni koili moja tu, kumbuka kishusha kinabadilisha volti, hakibadilishi masafa. Chuma kilichopimwa kwa Hz 60 pekee kikilishwa Hz 50 zetu hubeba sumaku asilimia 20 zaidi, kikashiba, kikapata joto na kuvuma. Kilichoandikwa 50/60 hakina shida hiyo.

"Adapta ni adapta." Vifaa kadhaa vyembamba vilikwepa tatizo la kimo kwa kutoa transfoma nje, ndani ya adapta ya volti 9 AC. Ukichomeka adapta ya 9 DC ya ruta, taa inaweza kuwaka, lakini upande wa volti hasi haupo, sauti inatoka imekatwakatwa au haitoki. Angalia alama karibu na tundu: wimbi ni AC.

"Kata waya wa ethi, mvumo utaisha." Unaweza kuisha kweli. Siku praimari itakapogusa bati, mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma ndiye atakuwa ethi. Badala ya kukata ethi, izungushe transfoma kidogo kidogo mahali pake huku ukisikiliza. Ya duara ina upande mtulivu, na mara nyingi ni nyuzi chache tu za kugeuza.

"Wasuka mota wa Industrial Area wataisuka leo leo." Ya EI, pengine. Ya duara husukwa kwa kupitisha waya tunduni mzunguko mmoja baada ya mwingine, mamia, hata zaidi ya elfu, kwa praimari peke yake, na utepe kati ya praimari na sekondari hauna mzaha. Kama praimari ni nzima ila sekondari ndiyo mbovu, zungusha waya mara 10 juu yake, washa, pima. Ukisoma volti 1.5, kila mzunguko ni 0.15, na 18 inataka mizunguko 120, na michache ya ziada kufidia mzigo. Hiyo hata kijana wa jirani yangu ameiweza kwa jioni mbili.

Krosova ya kanisa ilikuwa na daiodi mbili zilizopasuka. Saa nne usiku ilikuwa ndani ya leso yake tena. Transfoma mpya aliiacha, duka lilikuwa limefunga na risiti hakuchukua. Sasa inalisha redio ya kibandani.