Eti Kifilipino kinasomeka kama kilivyoandikwa, asiyekisoma ni mvivu?

Watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu kule Ufilipino wakikwama kusoma Kifilipino utasikia maneno mengi na mengine hayana kichwa wala miguu. Mfano hili, "herufi zote anazijua, anajifanya tu." Aa wapi! Mtoto anaweza kukuimbia herufi zao zote 28 bila kukosea, ila ukimwandikia m na a anakwambia "em, ey" manake ndo majina aliyofundishwa, sasa em na ey zitaungana vipi ziwe ma? Ndo maana kuna njia ya Marungko, ilianzia Marungko huko Angat, mkoa wa Bulacan, yenyewe haina habari na a-b-c, inaanza na m, s, a, i na zinatamkwa kwa sauti yake sio jina. Hizo nne tu mtoto tayari anasoma ama (baba), isa (moja), mais (mahindi).

Halafu hili la tahajia nyepesi. Sisi wa ba be bi bo bu ndo tunalidaka haraka, na nyepesi ni kweli, wana hadi kichekesho cha kwenye lifti, "Bababa ba?" "Bababa." Yani inashuka? Inashuka. Lakini mga inasomwa mang'a, nayo basa ukikaza mwanzo ni kusoma, ukikaza mwisho ni kulowa, na kitabuni mkazo hauandikwi. Bado maneno marefu, pinakamaganda ina silabi sita, mtoto anayedonoa herufi moja moja akifika da, ile pi ya mwanzo ashaisahau. Huyo mpe silabi nzima nzima, pi-na-ka, sio herufi.

La tatu ndo linaniudhi, eti akitamka vizuri basi anajua kusoma. Hebu soma wewe: "Ang bata ay maliit." Umesoma safi kabisa na kichwani umeona bata wa kuogelea, kumbe bata ni mtoto! Sasa fikiria mtoto wa Cebu ambaye nyumbani ni Kisebuano, anakutana na langgam kitabuni, kwa Kifilipino ni sisimizi, kwao ni ndege. Sheria namba 12027 ya 2024 imerudisha ufundishaji kwenye Kifilipino na Kiingereza, lugha za kwao zimebaki za kusaidia, basi zitumie hapo hapo, muulize neno kwa lugha ya kwao kabla hujamlaumu.

Na kuitikia darasa zima kwa pamoja sio kusoma jamani, wengi wamekariri wimbo tu. Mkalishe peke yake, ziba picha, changanya sentensi, msikilize. Akisoma langgam bila kosa, muulize iko wapi, akinyoosha kidole angani ushajua pa kuanzia.