Trebo inayochoma: yanayosemwa kuhusu amplifaya ya kopo, na ukweli wake

Amplifaya ya hedifoni ya kujitengenezea, ile inayokaa kwenye kopo la peremende pamoja na betri ya volti 9, haina mambo mengi ndani. Mchoro wake maarufu ulisambazwa mtandaoni na Chu Moy mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo watu wanauita CMoy: opampu moja (chipu ndogo ya kukuza sauti) ya miguu minane, rezista na kapasita za kuhesabika. Unalehemu jioni, usiku unasikiliza. Halafu malalamiko yanaanza kuhusu trebo, yaani sauti za juu. Herufi "s" inakata kama wembe, matoazi yanachoma, fidla za taarabu zinageuka msumari juu ya bati. Ukiuliza, ushauri unamiminika, na mwingi ni wa kukupoteza.

Dhana: opampu hiyo ina trebo kali, weka nyingine

Huu ndio ushauri wa kwanza kila mahali, na ndio unaomaliza pesa za watu. Chukua TL072, opampu ya bei ya chini kabisa. Uwezo wake wa masafa ni megahezi 3. Ukiifunga kwa geini (mara ngapi inazidisha sauti) ya 11, kama mchoro wa asili unavyotaka, inakwenda mpaka kilohezi 270 hivi kabla ya kuanza kuchoka. OPA2134, opampu nyingine, inavuka 700. Sikio la kijana mzima wa afya huishia kilohezi 20. Hakuna hata moja hapo inayoongeza trebo. Sehemu unayoisikia wewe, zote zimenyooka kama rula.

Ila usimcheke aliyebadilisha opampu akasikia tofauti. Inawezekana kabisa aliisikia, lakini sababu ni mkondo wa umeme. OPA2134 ikifika miliampia 40 hivi inagoma. Zidisha kwa hedifoni ya omu 32, unapata volti 1.3 tu. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, wimbi linafika hapo na kukatwa kichwa. Wimbi lililokatwa kichwa huzaa mengine ya juu yake: sauti ya kilohezi 3 inazaa ya 9 na ya 15. Sikio linaiita trebo, kumbe ni mkwaruzo. NJM4556 iliundwa kutoa miliampia 70, ndiyo maana kwenye hedifoni za omu 32 inaweza kusikika laini kuliko opampu yenye jina kubwa na bei kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, shusha geini. Simu nyingi hutoa nusu volti mpaka volti moja hivi. Kuzidisha hiyo mara 11 kwa betri ya volti 9 ni kumimina debe la maji kwenye kikombe. Toa rezista ya fidibaki (inayorudisha sehemu ya sauti inayotoka kwenye maingilio ya opampu) ya kilo-omu 10, weka ya 2.2, na ile ya kilo-omu 1 iache palepale. Geini inakuwa 3.2. Faida ya pili ni kwamba kitufe cha voliumu hakitaishia kucheza kwenye robo ya kwanza tu, mahali ambapo sauti ya kushoto na ya kulia huwa hazilingani.

Na kama ukali huja mwisho wa wiki na kutoweka ukibadilisha betri, jibu umelipata bila kulehemu chochote.

Dhana: funga kapasita ya 104 kwenye tundu la hedifoni, itakunywa trebo

Hii niliifanya mwenyewe. Niliambiwa na fundi wa redio wa siku nyingi, na kwake ilikuwa kweli: kwenye redio za valvu, kapasita iliyofungwa kwenye transfoma ya spika ilipunguza ukali vizuri tu. Nikalehemu 104, yaani nanofaradi 100, kutoka mguu wa kutolea sauti mpaka graundi, kushoto na kulia. Sauti ikawa kavu na kali kuliko mwanzo. Betri mpya haikumaliza jioni. Nilipoweka kidole juu ya opampu nilikiondoa haraka.

Opampu yenye fidibaki hutoa sauti kwa ukinzani unaokaribia sifuri, kwa hiyo kapasita ndogo kama hiyo haina cha kupunguza katika masafa unayoyasikia. Inachofanya ni kuichelewesha fidibaki. Fidibaki ikirudi imechelewa, amplifaya inaanza kujipigia mluzi yenyewe, juu sana, kwenye masafa ya redio. Mluzi wenyewe husikii. Unachosikia ni uchafu unaoupaka muziki.

Kipimo chake ni rahisi. Chomoa waya mmoja wa betri, pitisha mita iliyowekwa kwenye miliampia, usicheze muziki wowote. OPA2134, yenye amplifaya mbili ndani, hula miliampia 8 hivi ikiwa imetulia. Mita ikionyesha mara tatu au nne ya hapo, na hakuna kilichofungwa vibaya, shuku mluzi.

Dawa: toa hiyo 104, uihamishie kwenye umeme, kati ya mguu wa 8 na wa 4 wa opampu, miguu yake ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Iwe ya kauri. Kisha weka rezista ya omu 10 kati ya opampu na tundu la hedifoni, kwa sababu waya mrefu wa hedifoni nao una tabia ya kapasita. Hapa ndipo utaelewa kwa nini opampu za kasi kubwa, zinazosifiwa sana, huwatesa watu kwenye bao la matundu lenye waya zilizotapakaa: kadiri opampu ilivyo na mbio, ndivyo inavyopiga mluzi kirahisi.

Dhana: sauti ikiwa kali, trebo imezidi

Sikio halipimi trebo peke yake, linailinganisha na besi. Ukiondoa besi, trebo ileile iliyokuwa tamu inaanza kuuma. Kwenye amplifaya ya kopo, besi hupotea kwa makosa madogo sana. Kapasita ya kuingilia ya nanofaradi 100 ikikutana na rezista ya kilo-omu 100, besi inaanza kupungua chini ya hezi 16, hutajua. Fundi akikosa ya 100 akaweka ya 10, mstari unapanda mpaka hezi 160. Nusu ya gitaa la besi imekwenda.

Wanaotumia chipu za LM386 au TDA2822, ambazo mara nyingi hufungwa na kapasita kwenye njia ya kutolea, waangalie hapo kwanza. Mikrofaradi 47 kwa hedifoni ya omu 32 inakata chini ya hezi 106. Weka 470, inashuka mpaka 11. Nimeona amplifaya "iliyoponywa trebo" kwa kapasita hizo mbili tu, bila mtu kugusa trebo.

Pedi za hedifoni zilizochakaa hufanya vilevile, hewa ikivuja besi inatoka nayo. Zibonyeze kwa viganja huku muziki unacheza. Sauti ikijaa ghafla, nunua pedi.

Mawili ya haraka

"Iache icheze saa 100 itulie." Kinachotulia hasa ni sikio lako. Na "kapasita za dhahabu za muziki": thamani sahihi na mahali sahihi hushinda jina lililoandikwa ubavuni.

Dhana: kuweka kichujio ni kuharibu sauti

Kama ni hivyo, basi na zile spika za Yamaha NS-10, zilizotoka mwaka 1978, ziliharibiwa na mafundi wa studio waliozifunika tweta (spika ndogo za sauti za juu) kwa karatasi ya chooni ili zipunguze ukali. Hedifoni nyingine ni kali toka kiwandani, na hakuna opampu itakayozibadilisha. Ukishamaliza geini, mluzi na besi, na bado "s" inakata, chuja bila aibu.

Mimi huchuja kabla ya voliumu ya kilo-omu 50. Rezista ya kilo-omu 4.7 inakaa kwenye njia ya sauti. Baada yake, kuelekea graundi, rezista ya kilo-omu 10 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 2.2. Ukali unaanza kushuka kwenye kilohezi 5, unasimama ukiwa umepungua desibeli 3 hivi, na hauendelei chini zaidi, kwa hiyo matoazi hayafi. Fanya kushoto na kulia. Kapasita hizo mbili nimezipitisha kwenye swichi ndogo ubavuni mwa kopo, maana hedifoni ya mke wangu haihitaji.