Kipande Kisicho na Mwanzo Si Kipande

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimekutana na watu wengi wanaojiita wavivu, na wachache sana kati yao ni wavivu kweli. Mtu anayeshindwa kuanza kuandika tasnifu yake ndiye huyo huyo anayepanga rafu za vitabu, anayejibu barua pepe za wiki nzima na kufua mapazia asubuhi ile ile aliyoitenga kwa ajili ya kuandika. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na kuhusu matokeo yake walisema kweli. Lakini mtu anayehangaika hivyo kutwa nzima hajapungukiwa na nguvu. Anachokikimbia ni hisia inayompata kila anapoitazama kazi ile: hofu ya kukosea, kuchoshwa, au kutojua aanzie wapi. Akiiweka kando hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomzoeza kuahirisha tena kesho.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kuigawa kazi katika vipande vidogo, nami naikubali, ila naona inaelezwa nusunusu. Mwanafunzi mmoja alinijia na daftari ambalo neno “tasnifu” lilikuwa limehamishwa kutoka orodha ya wiki moja hadi ya wiki nyingine kwa miezi mitatu. Nilimwomba aigawe, naye akaandika: sura ya kwanza, sura ya pili, mpaka ya tano. Wiki iliyofuata alirudi bila kugusa hata moja, kwa sababu alichokifanya ni kuukata mlima mmoja kuwa milima mitano. Nikamuuliza: ukiketi mezani, mkono wako utafanya nini kwanza? Alinyamaza kitambo, kisha akasema hakumbuki aliachia wapi. Basi hapo ndipo kazi yake ilipokuwa imekwama, na kipande cha kwanza kikawa kufungua rasimu ya mwisho na kupigia mstari kila aya ambayo haijakamilika. Alikifanya akiwa bado ameketi mbele yangu. Kipande cha pili kilikuwa kuchagua iliyo fupi kuliko zote na kuiandikia sentensi inayokosekana.

Kwangu, kipande kinachofaa ni tendo ambalo mtu anaweza kuliona likianza na kuliona likiisha. “Kufanya utafiti” hakina mwisho. “Kusoma makala haya mawili na kuandika hoja kuu ya kila moja” kinao.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto waliokuwa wakipata shida na hesabu za kutoa. Wengi wao walipewa kurasa 42 za mazoezi kwa vipindi saba. Baadhi walishauriwa kulenga kurasa sita kila kipindi, na wengine kulenga kuzimaliza zote kufikia kipindi cha mwisho. Hesabu ni ile ile, maana sita mara saba ni 42, lakini waliolenga kurasa sita kila kipindi walizimudu hesabu vizuri zaidi, wakajiamini zaidi na wakavutiwa zaidi na somo lenyewe. Jambo hilo la mwisho hunigusa sana, kwa kuwa watu wengi husubiri hamu ije ndipo waanze, ilhali hapa hamu ilikuja nyuma ya kazi.

Kuchambua kazi hutusaidia pia kukadiria muda. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi watu wanavyodhani kazi itachukua muda mfupi kuliko inavyochukua kweli. Ripoti inayoonekana ya jioni moja, ukiihesabia kutafuta takwimu, kuchora majedwali, kusahihisha na kuomba maoni ya mwenzako, hudhihirika mapema kuwa ni ya siku nne.

Hata hivyo, kugawa kwenyewe kunaweza kuwa njia ya kuahirisha. Nimeoneshwa majedwali ya rangi yenye hatua themanini, ambayo mwenyewe alitumia siku mbili kuyapamba. Kwa hiyo mimi hushauri kugawa kazi ya siku mbili au tatu zijazo tu, na sehemu iliyobaki iachwe ikiwa mafungu makubwa mpaka zamu yake ifike. Na iwapo mtu ameshindwa hata na kipande cha dakika tano kwa wiki kadhaa, huku usingizi na hamu ya chakula vikimpotea, simwongezei vipande. Namshauri amwone daktari, kwani huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Kwa wengine wote, sehemu ninayoisisitiza kuliko nyingine ni dakika ya mwisho kabla ya kuondoka mezani. Kabla ya kufunga kompyuta, andika juu ya karatasi tendo moja litakalofuata, pamoja na saa na mahali utakapolifanyia: “Kesho saa mbili asubuhi, mezani, nitasahihisha jedwali la pili.” Iache karatasi hiyo juu ya kibodi, ili kesho usilazimike kuamua chochote kabla ya kuanza.