"Give up" si kutoa juu: dhana potofu kuhusu vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili au matatu

Dhana: ukijua kitenzi na neno dogo linalokifuata, umejua maana.

Kwa "sit down" utapatia. Kwa "give up", yaani kukata tamaa au kuacha, hupatii, wala kwa "put up with", kuvumilia. Tena kitenzi kimoja hubeba maana kadhaa: ndege ikipaa ni "take off", mtu akivua koti ni "take off" vilevile. Kidokezo kipo, ingawa hakitoshi: mara nyingi "up" huonyesha jambo limefika mwisho, kama "eat up" na "use up".

Dhana: neno dogo hukaa popote.

Hapa hukwama hata wanaozungumza vizuri. Nomino hukuachia uchague: "turn off the light" au "turn the light off". Kiwakilishi hakikuachii; lazima kikae katikati, "turn it off". "Turn off it" ni kosa. Lakini usiifanye kanuni ya vitenzi vyote, maana "look after", kutunza, haitenganishwi: "look after her", kamwe si "look her after". Vingine havichukui shamirisho, yaani kitu kinachotendwa, kabisa: "the car broke down", gari liliharibika, basi.

Utajuaje? Kamusi za wanafunzi huandika "turn something off", "something" ikiwa katikati, ila "look after somebody", "somebody" ikiwa mwishoni. Nakili hivyohivyo daftarini. Ukiandika "turn off: zima" tu, umetupa nusu ya habari.

Dhana: ni lugha ya mtaani.

"Carry out", kutekeleza, na "set up", kuanzisha, zimo katika ripoti rasmi kabisa. "Hang out", kubarizi na marafiki, sawa, iache nje ya barua ya kuomba kazi.

Dhana: kariri vyote vya "get" kwa mkupuo.

"Get over" (kupona au kusahau jambo), "get by" (kujikimu) na "get on" (kuelewana) zikikaririwa pamoja huchanganyika, kwa kuwa zinaanza sawa. Afadhali upange kwa shughuli. Kwa simu: "get through", kumpata unayempigia, "call back", kumpigia tena, "hang up", kukata simu. Kisha tunga sentensi yenye kiwakilishi: "I'll call her back."

Dhana: "up" ni pambo.

"Cope up with" ni kosa; sema "cope with", kumudu. Kinyume chake, "pick me at six" imepungukiwa. Anayetaka kufuatwa na gari husema "pick me up", kwani "pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma.