Je, wajua kwa nini zabibu kavu nyingine ni nyeusi na nyingine za dhahabu?

Ukiulizia zabibu kavu sokoni Majengo, hapa Dodoma, unaweza kuonyeshwa za aina mbili: nyeusi zilizosinyaa, na nyingine za dhahabu, laini kidogo. Ni rahisi kudhani zimetoka kwenye mizabibu tofauti. Mara nyingi mzabibu ni ule ule. Tofauti iko kwenye ukaushaji.

Zabibu ya kijani ikianikwa juani, vimeng'enya vyake, yaani vichochezi vya mabadiliko vilivyomo ndani ya tunda, hukutana na hewa na kuigeuza rangi, kama bilinganya lililokatwa likaachwa mezani. Ili ibaki ya dhahabu, hufukizwa kwa salfa dayoksaidi, gesi ile inayokuwasha pua ukiwasha njiti ya kiberiti. Gesi hiyo huzima vimeng'enya na kuzuia ukungu na bakteria. Kwenye pakiti huandikwa E220, na jamii yake nzima, yaani salfaiti, ina namba kuanzia hiyo hadi E228.

Watengenezaji wa mvinyo nao huitumia, na sisi tunaoishi jirani na mashamba ya Makutupora na Hombolo tunapaswa kulijua hilo. Hata chachu yenyewe hutoa salfaiti kidogo mvinyo unapochachuka, hivyo chupa isiyo nayo kabisa ni nadra.

Wengi wetu haitusumbui. Ninayehofia afya yake ni mwenye pumu. Baadhi yao, dakika chache tu baada ya kula, kifua hubana, kikohozi huanza na pumzi hutoka kwa mluzi. Mwaka 1986 Marekani ilipiga marufuku salfaiti kwenye matunda na mboga za kuliwa mbichi, baada ya watu kuugua na wengine kufariki.

Kwa asiye na pumu, suala ni kiasi. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, waliweka kikomo cha miligramu 0.7 za salfaiti kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 42. Zabibu zenye miligramu 1,000 kwa kilo, gramu 42 tu zinatosha kumfikisha hapo, na hizo ni kiganja kimoja. Mtoto wa kilo 15 anafika kwa robo ya kiganja hicho, na watoto ndio wanaozitafuna kama peremende.

Nyumbani kwenye mgonjwa wa pumu, nunua nyeusi zilizokaushwa juani, na soma pakiti hata hivyo. Kuziosha za dhahabu kabla ya kuzitia kwenye pilau hupunguza salfaiti, lakini hakuiondoi yote.