Taa ya kijani haikuhakikishii kwamba king'ora kitalia

Kazi yangu ni kufunga na kukagua mifumo ya tahadhari ya moto, Mbeya mjini na barabara yote ya kwenda Makambako, Njombe na Iringa. Wateja wangu wengi ni wenye nyumba za wageni, hosteli za wanafunzi, maghala na shule za bweni. Kuna kauli ninayokutana nayo karibu kila ninapoitwa kwenye jengo ambalo mfumo wake ulifungwa na mtu mwingine: "Fundi, wetu ni mzima, si unaona taa ya kijani inawaka?" Nimeisikia kupita kiasi. Wanaoisema ni watu makini walioingia gharama ili wageni na watoto wawe salama, na wanaamini kabisa wanachokisema. Ndiyo maana inanikera: wamelipia usalama ambao hawajaupata.

"Kijani kikiwaka, mfumo ni mzima"

Kwenye paneli nyingi, yaani kisanduku cha ukutani kinachoongoza mfumo wote, taa ya kijani inasema jambo moja tu, kwamba umeme upo. Haisemi kwamba ving'ora vimeunganishwa, wala kwamba vitalia. Zinazoleta habari za ving'ora ni taa za njano, na za njano huwaka pale tu paneli inapoiona hitilafu. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hili: paneli yangu inaona mpaka wapi?

Kwenye paneli za kawaida, zile zisizotumia anwani ya kukitambua kila kifaa, laini ya ving'ora ni nyaya mbili. Zinatoka kwenye paneli, zinaingia king'ora cha kwanza, zinatoka, zinaingia cha pili, hivyo hivyo hadi cha mwisho, na hapo mwisho kabisa kuna rezista, kifaa kidogo kinachobana umeme upite kidogo tu. Ukinzani wake unategemea mtengenezaji, kilo-omu 4.7 na 10 ni za kawaida. Jengo likiwa tulivu, paneli inapitisha umeme mdogo sana kwenye laini hiyo, chanya na hasi zikiwa zimegeuzwa. Ndani ya kila king'ora kuna diodi inayouzuia umeme uliogeuzwa, kwa hiyo unapita kwenye waya mpaka kwenye rezista na kurudi. Paneli ikiupokea, inajua waya haujakatika. Moto ukigunduliwa, paneli inageuza chanya na hasi na kutoa volti 24 kamili. Diodi sasa zinapitisha, ving'ora vinalia na strobu, yaani taa za kumulika za tahadhari, zinamulika.

Ukishauelewa mpango huo, utaona kwamba paneli inalinda waya ulio kati yake na rezista, na si zaidi ya hapo. Mahali pa rezista ni ndani ya king'ora cha mwisho. Lakini paneli mpya mara nyingi huja na rezista imefungwa tayari kwenye terminali zake, zile sehemu za kubania nyaya, ili isilalamike ikiwashwa kabla ya nyaya kufika. Fundi asiyejua, au aliyechelewa kukabidhi jengo, anaiacha hapo hapo na kubana nyaya zake pembeni. Paneli inaona rezista hatua sifuri kutoka ilipo, inaridhika. Panya akitafuna kebo darini, haitajua. Fundi rangi aking'oa king'ora apake ukuta na asikirudishe, haitajua. Naamini hili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi yetu, kwa sababu halijionyeshi mpaka usiku wa moto.

Kosa la pili linatokana na mazoea ya umeme wa nyumba. Kwenye taa na soketi ni kawaida kuchukua tawi kutoka kwenye boksi la maungio, na taa itawaka vizuri. Ukichukua tawi namna hiyo kwenye laini ya ving'ora, vilivyo kwenye tawi vitalia siku ya majaribio, lakini umeme wa ulinzi haupiti huko. Unaenda moja kwa moja kwenye rezista. Tawi lote linaweza kukatika na paneli isitamke neno. Laini ya ving'ora haina matawi. Ukitaka kwenda pande mbili za jengo, tumia laini mbili. Paneli nyingi ndogo zinazo mbili tangu kiwandani.

La tatu ni dogo kwa macho. Fundi anachuna ganda la waya katikati bila kuukata, anauzungusha chini ya skrubu ya king'ora na kuendelea na safari. Skrubu ikilegea, king'ora kimebaki peke yake, lakini waya bado ni mzima hadi kwenye rezista. Kata waya. Unaoingia na uwe na skrubu yake, unaotoka na uwe na yake. Terminali ziliwekwa mbili mbili kwa sababu hiyo, ili king'ora kikichomoka na laini ikatike na paneli ilie.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliwahi kuniuliza, "Sasa baba, aliyetufungia si alibonyeza mbele yetu ikalia?" Nikamjibu, "Ililia, mama, na hakukudanganya. Ila hiyo ililia siku ile. Rezista iko kwa ajili ya siku zote zinazofuata."

Kipimo ninachokitaka kila mwenye jengo akidai kabla ya kumaliza malipo ni rahisi. Mwambie fundi afungue king'ora chochote utakachokichagua wewe, si yeye, na achomoe waya mmoja. Kisha msimame wote mbele ya paneli. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 54, taa ya hitilafu inatakiwa iwake ndani ya sekunde 100. Cha Marekani, NFPA 72, kinaruhusu 200. Isipowaka, kazi haijaisha. Rudia kwenye vingine viwili vitatu, hasa vya ghorofa ya juu na vya jengo la nyuma. Mwishoni mwambie akuonyeshe rezista kwa macho, na aandike kwenye kifuniko cha king'ora hicho kwamba ndicho cha mwisho. Fundi anayejua kazi yake hatachukia kuombwa hivi. Mimi huombwa mara chache mno, na ningependa niombwe kila siku.

Paneli za anwani zinaongea na kila kifaa kwa jina lake, kwa hiyo zinaona mbali zaidi. Hata hivyo, nyingi zina laini ya ving'ora ya kawaida pembeni, na kwenye laini hiyo yote niliyosema yanabaki palepale.

"Waya ni waya, mradi ni mwekundu"

Wekundu si kipimo. Kinachohesabika ni shaba, unene na uwezo wa kustahimili moto.

Chukua jengo la kawaida la ghorofa tatu, laini yenye urefu wa mita 120, ving'ora kumi vyenye strobu, kila kimoja kikila ampea 0.1, jumla ampea 1. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 240 za shaba. Kebo ya milimita za mraba 1.5 ina ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita, na hapo unapata kama omu 2.9, yaani unapoteza volti 2.9. Ya 0.75 inafikia omu 24.5 kwa kilomita, na upotevu unakuwa volti 5.9. Nimehesabu kana kwamba mzigo wote uko mwishoni, na mimi hupiga hesabu hivyo daima.

Siku ya majaribio umeme wa TANESCO upo na paneli inatoa volti 24. Hata kwenye kebo nyembamba, king'ora cha mwisho kinapata 18 na kinalia. Vifaa vingi vya volti 24 hufanya kazi kuanzia 16, kwa hiyo watu wanapeana mikono. Kisha umeme unakatika, betri zinabeba mzigo kwa saa nyingi, zinashuka hadi 20.4, ambayo ndiyo voltiji ya kupigia hesabu za betri inayoishia. Kwenye 1.5 kinabaki 17.5, kinalia. Kwenye 0.75 kinabaki 14.5, chini ya zile 16. Strobu nazo, zikipata volti ndogo, huvuta ampea zaidi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu hii. Kilichofeli ni kebo, na kitakacholaumiwa ni king'ora.

Kuwa mwangalifu pia na kebo za bei ya chini ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu. Ukiona weupe, irudishe dukani. Na kebo iwe ya kustahimili moto, ishikwe kwa klipu za chuma. Klipu za plastiki zinayeyuka mapema, kebo inadondoka na kuwanasa watu wanaokimbia pamoja na askari wa zimamoto wanaoingia.

"King'ora kimoja kikali koridoni kinatosha wote"

King'ora cha desibeli 100 kimepimwa kwa umbali wa mita 1. Katika eneo la wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6: mita 2 ni 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82. Sasa funga mlango wa chumba, na mlango wa kawaida unakula nyingine kama 20. Mgeni aliyelala Julai chini ya mablanketi mawili anabakiwa na kama 62 au pungufu. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, kinataka 75 kwenye kichwa cha kitanda pale king'ora kinapokusudiwa kuamsha waliolala. Maana yake kwa hesabu hii ni kwamba king'ora kiingie chumbani. Wenye nyumba hawapendi kusikia hivyo kwa sababu ya gharama, lakini hakuna namna ya kulikwepa.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya watengenezaji havilitaji: mvua juu ya bati. Bweni lisilo na dari, mvua ya Machi ya Tukuyu ikishuka, watu wawili wanaozungumza wanapaza sauti. NFPA 72 inataka king'ora kizidi kelele ya kawaida ya eneo kwa desibeli 15. Ukipima asubuhi ya kiangazi umejipima uongo. Mimi hurudi siku ya mvua na kifaa cha kupimia sauti, na nisipoweza kurudi naongeza king'ora. Daima vingi vya wastani vilivyotawanywa, kamwe kimoja cha kutisha mlangoni. Kikali kupita kiasi kinawafanya watu wazibe masikio na kushindwa kuelekezana njia ya kutokea.

"Strobu ni pambo"

Strobu ni ya mtu asiyesikia, na ya mfanyakazi aliyevaa vizuia kelele kwenye mashine ya kukoboa. Usiifunge nyuma ya kabati, wala juu ya mlango unaofunguka kuelekea kwake. NFPA 72 inaiweka ukutani kati ya mita 2.03 na 2.44 kutoka sakafuni. Chumba cha kulala kinahitaji mwanga mkali kuliko koridoni: kandela 110, au 177 ikiwa strobu iko karibu na dari, kwa sababu moshi unakusanyika juu kwanza na unaufifisha mwanga. Koridoni 15 zinatosha. Anayenunua ya 15 kwa jengo zima kwa sababu ni rahisi, amemwacha kiziwi chumbani.

Zikiwa nyingi mahali pamoja, lazima zimulike kwa wakati mmoja. Kila moja humulika mara 1 hadi 2 kwa sekunde. Zikipishana, macho yanapokea mimuliko mingi zaidi, na mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga anaweza kuanguka katikati ya ngazi. Angalia kama paneli inatoa ishara ya kuzisawazisha. Kama haitoi, inunuliwe moduli yake.

Mengine kwa kifupi

"Betri hubadilishwa zikifa." Badilisha zote mbili za paneli pamoja, kila baada ya miaka mitatu au minne, za ukubwa na umri sawa, na andika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Moja mpya na moja kuukuu ni mbili kuukuu. Kumbuka pia kwamba betri ikiwa kwenye baridi hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, na chumba cha paneli Njombe mwezi Juni ni baridi.

"Tuunganishe king'ora kwenye umeme wa jengo, kitapata nguvu." Volti 230 kwenye kifaa cha 24 zinakiunguza papo hapo, na kama aliyekishika yuko juu ya ngazi, zinaweza kumuua.

"Ukizima sauti umemaliza." Kitufe cha kunyamazisha kinanyamazisha tu. Nenda kwenye eneo lililoonyeshwa, angalia kwa macho yako, na kama kuna moto watoe watu, piga 114. Kurejesha paneli kunakuja baada ya sababu kujulikana.

"Tumeshapata cheti cha Zimamoto, tutaonana mwakani." Mkaguzi anaona jengo siku aliyofika. Siku nyingine zote ni zako. Kila wiki, siku ileile na saa ileile ambayo wakazi wote wanaijua, bonyeza kitufe cha tahadhari kimoja, wiki inayofuata kingine, mpaka uvimalize na uanze tena. Mtu mmoja abaki kwenye paneli, mwingine apite vyumba vya mbali kusikiliza. Andikeni tarehe, kitufe kipi, king'ora kipi hakikusikika, na jina la aliyepita. Daftari likae kwenye boksi pembeni ya paneli, si ofisini kwa meneja ambako hufungwa saa kumi na moja jioni.